Taiti mtaani: tukague kitambaa kabla ya kumkagua mvaaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki mbili zilizopita alilalamika, kwa uchungu ambao siudharau, kwamba mabinti wa Dar es Salaam siku hizi wanakwenda sokoni, benki na hata kwenye vikao vya harusi wakiwa wamevaa taiti, fulana za kubana na raba, akawafananisha na watu waliotoroka uwanjani kabla ya mechi kwisha, kisha akaitaka serikali itunge sheria ya kuwarudisha kwenye magauni. Mfano huo wa watu waliotoroka uwanjani ulinichekesha peke yangu bandani, na sikatai kwamba alichokiona ndicho kilichopo: nguo za mazoezi zimekuwa nguo za kutokea. Ninachokikataa ni mahali alipolibandika kosa.

Mimi ni fundi cherehani, nina banda Tandika, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22. Nilipoanza, traksuti ilikuwa inafika mezani kwangu kwa misimu, shule zinapojiandaa kwa mashindano, ama pale vikundi vya jogging vya Temeke na Mbagala, vile vinavyokimbia alfajiri za mwisho wa wiki vikiimba na kuziba nusu ya barabara, vinapotaka sare mpya. Mwishoni mwa 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kazi za namna hiyo ziliongezeka, nami nikadhani ni upepo utakaopita. Haukupita. Leo haiishi siku sijapunguza mguu wa traksuti, sijabadilisha lastiki ya taiti, au sijashona msamba uliofumuka, na wengi wanaoleta nguo hizo hawakimbii popote, wala hawajifichi kusema hivyo. Dada mmoja mwenye kibanda cha miamala ya fedha aliniambia kwamba yeye anakaa na kusimama mchana kutwa, na suruali ya jinzi ilikuwa inamkata tumbo hadi jioni anabaki na alama kama ya kamba. Mwingine ana mtoto mchanga na anataka nguo atakayoweza kuchuchumaa nayo. Hizo ni sababu za mwili, wala sioni uhuni ndani yake.

Jambo ambalo msomaji mwenzangu amelisahau, au pengine hakupata kuliona kwa kuwa ni mwanamume, ni kwamba taiti si mgeni aliyeshuka juzi na intaneti. Imo majumbani mwetu miaka mingi, na iliingia kama nguo ya stara. Mwanamke wa Uswahilini huivaa ndani ya dera jepesi ili jua lisimchoree mapaja, huivaa ndani ya baibui ili upepo wa kwenye pantoni ya Kigamboni usimfedheheshe, na huivaa ndani ya sketi anapopanda bodaboda, maana hakuna namna ya kutanua miguu juu ya pikipiki ukiwa na sketi tupu na roho ikatulia. Mama yangu mzazi, ambaye hajapata kuvaa suruali maishani mwake, anazo nne. Kwa hiyo tunachogombania ni lile dera la juu yake, lililokuwepo na sasa wengine wameliacha nyumbani, wakati taiti yenyewe ni ileile.

Na hata hapo, mambo hayako kama yanavyosimuliwa. Kipo kikundi cha kinamama wa hapa kwetu ambacho nakiona kila Jumapili kikirudi kutoka mbio zake. Wakifika kwenye kona ya msikiti wanapunguza mwendo, kila mmoja anafungua khanga aliyokuwa ameivuta begani na kuifunga ubavuni kama mkanda wa begi, anaitanda kiunoni, halafu wanaingia mtaani wakisalimia wazee. Hakuna askari aliyewaamuru. Mabinti zao, ni kweli, hawafungi khanga. Wao huvaa fulana ndefu inayofika katikati ya mapaja, au hujifunga sweta kiunoni, mikono yake ikaning'inia mbele. Ukitazama vizuri ni khanga ileile iliyobadili umbo.

Tena, kama tunaamua kuzungumzia nguo za michezo zilizohamia mtaani, haki inatutaka tuanze na jezi. Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, na leo jezi za timu hizi mbili zinavaliwa dukani, gereji, kwenye daladala, kwenye sherehe za kipaimara na kwenye vikao vya ukoo, na mtu mzima mwenye wajukuu huivaa Ijumaa hadi Jumatatu bila hata mmoja wetu kumuuliza anacheza namba ngapi. Kitambaa chake ni kilekile cha polyester, na umbo lake ni lilelile lililokusudiwa mtu anayetoka jasho. Hakuna aliyewahi kuliandikia gazeti hili kulalamika kwamba jezi inaharibu maadili. Mimi sina ugomvi na jezi, nazishona zikichanika na nyingine nazipanua ubavuni pale mwenye jezi alipopanuka kuliko msimu uliopita, lakini naona mizani yetu ina jiwe zito upande wa wanawake.

Kuhusu sheria, sisi wa umri wangu tulisimuliwa na waliotutangulia jinsi jambo hili lilivyojaribiwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana vitakuwa marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vijana walikwishaanza kuwashusha wanawake kwenye mabasi pale Kariakoo na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingilia kati. Miaka michache baadaye mji uleule ulijaa bugaluu, zile suruali za miguu mipana, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Marehemu aliyenifundisha cherehani alikuwa akisema kwamba mwaka ule wa marufuku alipata fedha mara mbili kwa suruali ileile, kwanza kwa kuibana na kisha kwa kuiachia. Sioni kwa nini tuirudie njia hiyo.

Hiyo haina maana kwamba natetea taiti kila mahali. Ofisi za umma zina Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi, na mbao zenye picha za nguo zinazokatazwa zimesimamishwa kwenye mageti ya ofisi nyingi; anayekwenda kufuata huduma pale aziheshimu. Nyumba za ibada zina taratibu zake, na msibani kila mtu anajua la kufanya. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, kwa sababu kila nguo ina mahali pake na jambo hilo halikuanza na taiti.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, ambalo kwa mtazamo wa fundi liko kwenye kitambaa.

Nguo ya mazoezi imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda. Polyester, ambayo ni uzi unaotokana na mafuta ya petroli, karibu hainywi maji: katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, ilhali polyester haifiki hata asilimia 1. Kwa mkimbiaji huo ni uzuri, kwa kuwa jasho halizami ndani ya nguo ikawa nzito, bali hutandazwa juu ya kitambaa, na ule upepo anaokutana nao akiwa mbioni hulikausha. Lakini mchukue mkimbiaji huyo, umkalishe katikati ya siti ya nyuma ya daladala la Mbagala saa nane mchana mwezi wa Februari, dirisha likiwa limekwama, hewa ya bahari ikiwa imejaa unyevu kiasi kwamba hata nguo kambani hazikauki, uone upepo huo utatoka wapi. Jasho linabaki pale lilipo, kati ya ngozi na plastiki. Ndipo zinapoanza harara za mapajani na kiunoni, na ndipo inapoanza ile harufu ambayo wateja wangu wanaieleza kwa sauti ya chini, kwamba nguo imefuliwa, imeanikwa, imekauka, na dakika kumi baada ya kuivaa inanuka kama haijaona sabuni. Si uchafu wao. Vijidudu vinavyoleta harufu ya jasho hustawi kwenye polyester kuliko kwenye pamba, na uzi huo hushikilia mafuta ya mwili hata baada ya kufuliwa.

Wanaotuletea mfano wa wanariadha wanasahau hali ya hewa. Ukienda Iten, Kenya, mji ulioko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, au kwenye vilima vya Arusha asubuhi ya Julai, utawakuta wakimbiaji wa kimataifa wamevaa traksuti tangu alfajiri hadi jioni, wakinunua maziwa nayo na kunywa chai nayo. Wana sababu. Traksuti ilibuniwa ili misuli isipoe kabla na baada ya mbio, na kule kuna baridi. Kuvaa traksuti nzito yenye bitana hapa Dar es Salaam, mchana, ukiwa umesimama kituoni, ni kujipika kwa gharama yako mwenyewe.

Halafu kuna spandex, ule uzi unaovutika unaoifanya taiti iwe taiti. Uligunduliwa 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani, aliyekuwa akitafuta mbadala wa mpira uliotumika kwenye nguo za ndani za kubania viuno vya wanawake. Kwa hiyo tangu mwanzo wake uzi huu ulikuwa wa ndani ya nguo, jambo ambalo kinamama wa Temeke walilielewa wenyewe bila kusoma popote. Unaweza kuvutika kama mara tano ya urefu wake na kurudi. Ukiwekwa kwa kipimo na kitambaa kikafumwa kwa kushikamana, nguo inakushika bila kukuonyesha. Mtengenezaji akibana matumizi, akafuma nyuzi chache na kuutegemea mvutano ufanye kazi ya kitambaa, unapata taiti ambayo ukiwa umesimama mbele ya kioo cha duka ni nyeusi tii, na ukiinama kuokota sarafu inageuka chandarua.

Mwaka huu, kabla ya Machi, binti mmoja anayesoma chuo aliniletea taiti ya namna hiyo. Alikuwa ameinunua dukani Kariakoo kwa shilingi 25,000, ikiwa na kadi nzuri ya kuning'inia iliyoandikwa kwa herufi za kizungu kwamba ni ya kitaalamu, na alikuwa amegundua hali yake baada ya kupanda ngazi za chuo mbele ya wenzake. Aliniomba niishone mara mbili. Nilimwambia aingize mkono ndani ya mguu wa taiti, afumbue vidole, auinue kuelekea mlangoni penye mwanga. Tukaona wote wawili mistari ya kiganja chake na pete yake. Nilitafuta lebo inayotaja kitambaa, ubavuni, kiunoni, kwenye pindo. Haikuwepo. Aliporudi dukani akaambiwa kwamba nguo ya michezo haibadilishwi ikishavaliwa, na kwamba pengine amechukua saizi ndogo kuliko mwili wake. Maneno hayo ya saizi ndiyo yaliyomliza, kuliko zile fedha.

Simtaji mwenye duka, na siamini kwamba ni yeye peke yake. Hata wakubwa hujikwaa hapo: Machi 2013 kampuni ya Lululemon ya Kanada, iliyopata jina kwa suruali za yoga, ililazimika kuziondoa madukani suruali zake nyeusi kwa sababu zilikuwa zinaonyesha ndani. Tofauti ni kwamba kule aliyeziuza ndiye aliyezirudisha. Hapa mzigo wote unabaki kwa mnunuzi. Anapoteza fedha, anapata harara, na akipita mtaani msomaji mwenzangu anamwandikia barua kwenye gazeti akidhani kwamba binti amekusudia kuonekana.

Nitaongeza neno kuhusu kufua, kwa kuwa nguo nyingi ninazoletewa zimeuawa na wenyewe. Jiki hula spandex, na ndiyo maana taiti nyeupe hulegea magotini kama mfuko. Pasi huiyeyusha kidogo kidogo, na ile ya mkaa isiyo na kipimo huimaliza kwa siku moja. Maji ya kulainisha nguo, yale yenye manukato ambayo watu humimina wakidhani wanaondoa harufu, huacha utando juu ya nyuzi, na utando huo ndio unaozuia jasho kutoka na kuifungia harufu ndani. Maji baridi, sabuni kidogo, geuza nje ndani, anika kivulini. Na ukimpelekea fundi, muulize kama ana sindano ya ncha butu. Sindano ya kawaida hutoboa na kukata uzi unaovutika, na baada ya wiki utaona mashimo madogo yamejipanga kando ya mshono kama nyayo za kuku.

Ninachopendekeza badala ya sheria ya kuwakamata mabinti ni hiki. Shirika la Viwango Tanzania limekuwa kali, tena kwa haki, dhidi ya nguo za ndani za mitumba. Naliomba lielekeze ukali huohuo kwenye nguo mpya zinazouzwa kwa jina la mazoezi, kila moja iwe na lebo iliyoshonwa, kwa Kiswahili, inayotaja polyester ni asilimia ngapi, pamba ngapi, spandex ngapi, na namna ya kuifua. Wafanyabiashara watasema kwamba mteja hasomi lebo. Hasomi kwa sababu haipo. Hao hao wateja ndio wanaonigeuzia kopo la maziwa ya mtoto bandani na kunisomea tarehe ya mwisho ya matumizi.

La pili ni la viwandani. Kitambaa cha taiti kinachofaa joto letu kinajulikana na kila fundi: ni pamba iliyofumwa kwa mtindo wa fulana, asilimia 95, na spandex asilimia 5. Kinashika mwili, kinakunywa jasho la mtu aliyekaa, na hakionyeshi kama kimefumwa kwa uzito unaostahili. Nakinunua Kariakoo kwa kilo, kutoka kwenye majora yaliyovuka bahari, wakati Simiyu na Shinyanga wanavuna pamba ambayo sehemu yake kubwa inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa hata uzi. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa mwaka 1968, mwaka uleule wa Operesheni Vijana, kilikuwa na kazi ya kutuvisha khanga na vitenge. Sioni aibu yoyote kiwanda cha leo kikituvisha taiti na traksuti nyepesi za pamba, kwa kuwa ndizo zinazovaliwa, na wanaozivaa hawatazivua kwa kukemewa.

Yule binti wa chuo nilimshonea mbili kwa kitambaa hicho, nyeusi na ya bluu iliyoiva, nikaweka kipande cha pembe nne kwenye msamba ili mshono usivutwe na mfuko wa simu upande wa kulia. Alizijaribu hapohapo nyuma ya pazia, akachuchumaa, akainama, akaniuliza kama kuna kinachoonekana, nami nikamwambia hapana. Amezivaa tangu Machi, chuoni na mtaani, na mpaka naandika barua hii nimebadilisha lastiki mara moja tu.

Wako,
Fundi Cherehani,
Tandika, Dar es Salaam